Nusu Inchi Niliyomficha Mama Sare

Mshauri mpendwa,

Naomba unishike mkono, maana mimi niliyezoea kuwashika wengine leo nimekwama, na kabla sijaifikia shida yenyewe inafaa ujue unaongea na nani. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, shule niliachia darasa la sita kwa sababu mwalimu hakuwa tena na cha kuniongezea, na kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa natangaza kwa kipaza sauti juu ya gari, mikutano, misiba, chanjo za watoto, magodoro yaliyoshuka bei, na sauti yangu hii hii siku moja ilisimamisha mechi katikati, gari letu lilikuwa linapita tu nje ya uwanja, wachezaji wote ishirini na wawili wakageuka kusikiliza na refa akapuliza filimbi akidhani ni amri imetoka juu. Mashahidi wapo, ingawa wawili wameshahama.

Siku hizi niko kwenye kampuni kubwa ya programu za simu, jengo la ghorofa nne, wateja elfu kumi. Hapana, nisikudanganye na wewe. Jengo ndilo lenye ghorofa nne, sisi tuna chumba kimoja ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo, meza mbili, feni inayogeuka upande mmoja ikakwama, birika la umeme, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Wateja ni mia mbili na kumi na mmoja, na karibu wote nawajua kwa sauti. Kampuni ni ya mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, yeye na mwenzake aliyesoma naye chuo ndio wanaoandika programu, na mimi ndiye wa tatu, na bila mimi wangefunga. Ukweli ni kwamba bila mimi wangepokea simu wenyewe.

Programu yetu ni ya mafundi cherehani. Fundi akikupima anaandika vipimo vyako kwenye simu, bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na mwakani ukimtumia kitambaa tu bila kwenda mwenyewe anafungua jina lako anakata. Mpwa wangu aligundua mapema kwamba mafundi hawasomi ujumbe mrefu, mikono yao ina kazi, lakini masikio yako huru, kwa hiyo kila tukiwa na jambo la kuwaambia yeye huandika kwenye karatasi, mimi narekodi kwa sauti, dakika moja, tunawatumia wote, fundi anasikiliza huku mguu uko kwenye pedali. Wananiita Spika. Na mwenye malalamiko akipiga simu, anayepokea ni mimi.

Sasa tarehe tatu ya mwezi uliopita tulitoa toleo jipya, kwa sababu baadhi ya mafundi walitaka sentimita badala ya inchi na mpwa wangu akawawekea njia ya kuchagua, kazi safi kabisa, ila ndani yake kukaingia kosa ambalo hakuna aliyeliona, vipimo vyote vya zamani vya inchi vikakatwa mikia. Thelathini na sita na nusu ikawa thelathini na sita. Kumi na tano na robo tatu ikawa kumi na tano. Na programu haikuzima, haikutoa alama nyekundu, ilifunguka vizuri kama kila siku ikawa inadanganya watu kwa upole.

Simu zikaanza. "Spika, nguo zinabana." Mimi sikujua kuna kosa, naapa, nikamjibu wa kwanza kwa utani, "Bwana fundi, watu wananenepa, ulitaka wakuombe ruhusa?" Akacheka. Nikaona jibu limekaa, nikawapa na wengine, watano au sita. Sawa, kumi na wanne. Na mpwa wangu kila jioni ananiuliza, "Mjomba, kuna malalamiko yoyote?" nami namwambia, "Malalamiko ya nini, wanakusifu tu," kwa sababu alikuwa amekonda kwa ajili ya toleo lile, nami nilitaka alale vizuri.

Kosa akaligundua mwenyewe siku ya tisa, akiwa anajaribu kitu kingine. Alikaa ameshika kichwa kama dakika tano, halafu akafanya kazi bila kunywa hata maji, na alasiri vipimo vyote vikawa vimerudi kama vilivyokuwa. Akachukua karatasi akaandika, akanipa nirekodi, karatasi ninayo hapa mfukoni na maneno yake ni haya: "Tumekosea. Toleo letu la tarehe tatu lilikata nusu na robo kwenye vipimo vyenu. Leo tumevirudisha. Nguo yoyote mliyoikata tangu tarehe tatu hadi leo, ipimeni tena kabla ya kumpa mwenyewe. Kosa si la mikono yenu wala la wateja wenu, ni letu. Tusameheni. Mwenye nguo iliyoharibika atupigie." Akaniambia, "Isome kama ilivyo, Mjomba, usitie chumvi," akatoka na mwenzake kwenda kuonana na mteja.

Nikabaki peke yangu na ile karatasi. Mshauri, huyu mtoto nilimchukua ana miaka tisa, siku dada yangu alipozikwa, mtoto ana kigugumizi, wenzake wanamwigiza, nikamwambia hakuna atakayekucheka tena mimi nikiwa hai, na nikamfundisha kusema kwa kumsimamisha nyuma ya gari na kipaza sauti kimezimwa, asome matangazo yangu, mpaka ulimi ukanyooka. Leo nisimame kwa sauti yangu mwenyewe niwaambie watu mia mbili na kumi na mmoja kwamba amekosea? Nikaikunja karatasi nikaweka mfukoni, nikarekodi hivi: "Mafundi wetu hodari, tumewaletea maboresho makubwa! Programu yenu sasa ina kasi zaidi na uthabiti zaidi! Endeleeni kushona!" Na nilisema vizuri kiasi kwamba mwenye duka la vioo alipanda ngazi kuuliza kama tumefungua redio.

Mpwa wangu aliporudi akauliza, "Umewasomea?"

"Neno kwa neno."

"Wamesemaje?"

"Wameelewa. Si watu wazima?"

Akashusha pumzi, akaegemeza kichwa begani kwangu kama zamani, akasema, "Nilikuwa naogopa sana. Afadhali wamelisikia kwako, sauti yako inawatuliza watu." Hapo, mshauri, nikainuka kuwasha birika ili asiuone uso wangu.

Sasa nakuja kwa Mama Sare. Mafundi wanamwita hivyo kwa sababu kwa miaka thelathini na minane anashona sare za wauguzi wa hospitali moja, na wauguzi hawana muda wa kuja kupimwa kila mwaka, kwa hiyo anategemea vipimo alivyohifadhi. Yeye ndiye mteja wetu wa kwanza kabisa. Mpwa wangu alikaa kwake miezi mitatu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiandika jinsi mikono ya yule mama inavyopima, ndiyo maana programu yetu inaanza na bega wakati mafundi wengine wanaanza na kifua. Mama anasema mtu anaweza kuvuta tumbo ndani ukampima uongo, lakini hajaona mtu wa kuvuta bega.

Huyu mama alinipigia siku ya sita ya lile toleo, kabla kosa halijagunduliwa. "Mwanangu, sare kumi na mbili zote zimebana mabegani. Muuguzi kainua mkono kutundika dripu, mshono ukaachia mbele ya mgonjwa."

Nikampa jibu langu. "Wamenenepa, Mama."

"Wote kumi na wawili? Kwa pamoja?"

Nikakosa la kusema, na mimi nikikosa la kusema huwa najisikia kama nimevuliwa shati, nikasema lililokuja mdomoni. "Basi labda ni macho, Mama. Umri nao. Vile vistari vya kwenye utepe ni vidogo sana."

Nikasikia cherehani yake, iliyokuwa inalia, inasimama. Halafu akasema, "Labda ni kweli. Asante kwa kuniambia, mwanangu. Wengine wananionea haya."

Ijumaa iliyopita akapiga tena, sauti yake tulivu, akaomba tulifute jina lake kwenye programu. Sikulifuta, nikamwuliza kulikoni. "Naacha kazi. Muuguzi mkuu amezirudisha zile sare, hakunigombeza hata kidogo, alinishika mkono akaniambia, 'Mama, umetushonea sana, pumzika sasa.' Ningependa angenigombeza."

Kesho yake nikaenda kwake, mwendo wa saa nzima kwa miguu, kwa kasi yangu dakika arobaini. Cherehani ameifunika shuka. Sare kumi na mbili zimekunjwa juu ya kiti. Naye nikamkuta amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, anapima meza yake ya kukatia. Anapima ukingo, anasoma, anaandika kwenye kipande cha boksi, anarudia. Meza ile ameikatia nguo tangu kijana, anajua ina inchi sabini na mbili, na kwenye boksi ameandika sabini na mbili, sabini na mbili, sabini na mbili, kama mara thelathini, na bado hajiamini, anamwita msusi wa chumba cha pili aje amsomee. Yule msusi akaniambia pembeni, "Anko, naitwa hivi tangu asubuhi. Hata mteja wangu nimemwacha amesukwa nusu kichwa."

Ukweli ulikuwa kwenye ulimi wangu, mshauri. Nikaufungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba tepe za siku hizi ni mbovu, zinavutika, nimesikia fundi mmoja amepimwa urefu wake asubuhi na jioni akakutwa ameota inchi mbili. Nikatoka mbio nikamnunulia utepe mpya. Akaulaza sambamba na wa zamani juu ya meza, akazinyoosha zote mbili kwa kiganja, vistari vikakaa sawa mwanzo hadi mwisho. Akanitazama akatabasamu, akasema, "Unaona? Ni mimi tu." Akaukunja ule mpya akanirudishia. Cherehani ameshaipatia mnunuzi, inachukuliwa Jumamosi hii.

Na jana fundi suruali mmoja kapiga simu, suruali zake zinapwaya, anauliza kwa nini. Nikamwambia wateja wake wamekonda.

Sasa nifanye nini? Kinyozi wangu anasema ninyamaze, programu imeshapona, watu watasahau. Mimi nafikiria nimwambie Mama Sare peke yake, kwa siri, mpwa wangu asijue. Au nimtafutie hadithi nyingine iliyo bora kuliko ya utepe. Nikimwambia mpwa wangu, ataniondoa ofisini na atakuwa na haki, kazi ya kipaza sauti nayo siku hizi haipo, lakini si hilo linaloninyima usingizi, kinachoninyima usingizi ni kwamba hatakaa aniamini tena, na yule ndiye ndugu pekee niliyebakiwa naye. Barua hii nimeileta mwenyewe mpaka mlangoni kwenu na mlinzi wenu amenisifu mwandiko. Hakunisifu. Aliniuliza kama naumwa.

Ni mimi,
Mjomba niliyekwama

*

JIBU LA MSHAURI

Kaka yangu,

Safu hii hutoka Jumapili. Nimemwomba mhariri aitoe leo Alhamisi, kwa sababu Jumapili cherehani itakuwa imeshaondoka. Jina lako hukuliandika, lakini yeyote anayekufahamu atakutambua kwenye mstari wa pili, na mpwa wako anajua kusoma gazeti. Kwa hiyo nisome haraka, kisha inuka.

Nianze na usilolitaka. Unasema ulimkinga mtoto asichekwe. Mtoto yupi? Yule wa miaka tisa alishakua. Huyu aliyekaa meza ya pili aliandika "Tumekosea" kwa mkono wake, bila kigugumizi, akakupa uisome. Hakuogopa kuchekwa. Aliyeogopa ni wewe, ukaogopa kwa niaba yake bila kumwuliza. Yeye alipata ujasiri, wewe ukauweka mfukoni.

Na kwenye ile karatasi kulikuwa na sentensi moja iliyozidi zote: kosa si la mikono yenu. Hiyo ndiyo Mama Sare alikuwa anaisubiri bila kujua. Toleo bovu lilikaa siku tisa. Tangazo lako lipo mpaka leo, na ndilo lililomvalisha yule mama miwani miwili apime meza anayoijua.

Kinyozi wako mwambie aendelee na nywele. Programu imepona, ni kweli, lakini fikiri juu ya yule fundi suruali. Bila shaka kwa siku tisa aliona nguo zinabana, akaanza kujiongezea nusu inchi kichwani ili mambo yaende. Mkarudisha namba kimyakimya, hamkumwambia, naye bado anaongeza. Ndiyo maana suruali zinapwaya. Kosa la kwanza mlilitengeneza, la pili limezaliwa na ukimya wako, na kila siku unayonyamaza kuna kitambaa kinakatwa vibaya. Ungekuwa na uhodari wa kuwanenepesha na kuwakondesha watu kwa simu, ungekuwa daktari.

Hilo la kumwambia Mama Sare kwa siri, liache. Alimkaribisha mpwa wako miezi mitatu. Utamweka mama yule katikati ya siri ya kumficha binti aliyekaa kwake? Na hadithi mpya sitaki hata kuisikia. Ile ya utepe ilimfanya apate ushahidi wa pili dhidi yake mwenyewe. Ulimpelekea zawadi ikawa hukumu.

Basi. Najua hukufanya kwa ubaya. Barua nzima nimeisoma nikicheka na nikifuta macho, na nimeona jambo ambalo pengine wewe hukuliona: mara kadhaa umenidanganya na mara zote umerudi mwenyewe kunisahihisha, bila mtu kukushika. Wateja elfu kumi wakawa mia mbili na kumi na mmoja. Hata mlinzi wetu umemwondolea sifa uliyomtungia. Mtu anayeweza kufanya hivyo kwa mgeni anaweza kuifanya kazi ya leo. Ya mechi ndiyo hujaisahihisha, nayo nakuachia.

Nenda kwa mpwa wako sasa hivi, kabla simu ya kwanza haijalia. Mpe karatasi yake. Mwambie: sikuisoma hii, nilisoma uongo wangu, nikakwambia nimesoma. Mtajie wale kumi na wanne. Mtajie Mama Sare, na maneno uliyomwambia kuhusu macho, yale yale, usiyalainishe. Usimkumbushe ulivyomlea. Usimtaje mama yake. Leo hiyo itakuwa ni kumziba mdomo, naye ana haki ya kukasirika mpaka amalize. Akikuambia toka, toka, kaa kwenye ngazi usubiri. Nadhani atakuita, kwa sababu kuna kazi ya kufanya na sauti inayotambuliwa na mafundi ni yako. Asipokuita leo, basi arekodi mwenyewe. Anaweza, ulimfundisha.

Tangazo litoke leo hii. Someni karatasi yake kama alivyoiandika, kisha mwongeze mambo mawili: kwamba tangazo la kwanza halikuwa la kweli na aliyelibadilisha ni Spika, na kwamba aliyekuwa anajiongezea nusu inchi aache kuanzia leo kwa sababu namba zimerudi. Msiseme "maboresho". Msiseme "changamoto". Fundi anataka kujua nini kiliharibika, kuanzia siku gani mpaka siku gani, afanye nini na nguo iliyoko mezani, na ampigie nani. Mkishamwambia hayo atawagombeza kidogo, halafu atarudi kwenye kazi yake. Mafundi wanaharibu nguo na kuomba radhi tangu kabla simu hazijawa na vioo, hawatawashangaa.

Wale kumi na wanne, na yule wa suruali, wapigie mmoja mmoja. Hao usiwarekodie, waongelee. Na kuanzia sasa mtu akilalamika, mdomo wako utoe maswali kabla ya majibu: tangu lini, nguo gani, namba gani unaiona kwenye simu. Andika kwenye daftari, na jioni mpwa wako alisome lenyewe badala ya kukuuliza wewe. Ungeandika malalamiko matatu tu ya mwanzo, angekamata kosa siku ya pili.

Sasa Mama Sare. Huyu ni wa leo pia, si wa kesho, na mwende wawili, wewe na mpwa wako. Lakini sikiliza, kuna ugumu ambao hukuufikiria. Umeshamwambia ni macho, umeshamwambia ni utepe. Ukienda leo ukamwambia ni programu, kwa nini akuamini? Atadhani mmekubaliana kumfariji. Atawashukuru, atawapa kiti, na Jumamosi cherehani itaondoka vile vile. Maneno matupu kwake yamekwisha, na wewe ndiye uliyeyamaliza.

Kwa hiyo piteni kwanza hospitali, mkamwombe yule aliyechanikiwa na mshono, awape nusu saa akitoka zamu. Mwelezeni ukweli, na muuguzi mkuu naye mwelezeni, maana naye alimwambia mama wa watu apumzike kwa kosa lisilo lake. Nendeni naye. Mkifika, wewe useme kwanza, usimsukumie binti: "Mama, macho yako hayakukosea. Programu yetu ilikata nusu na robo, nikakusingizia uzee kwa sababu sikuwa na jibu, na nilipojua ukweli nikaja hapa nikakudanganya tena." Ukifika hapo nyamaza. Najua itakuuma kama kuvuliwa shati. Simama bila shati.

Kisha mwombeni ampime muuguzi, kwa utepe wake mwenyewe wa zamani, kwa utaratibu wake, bega kwanza. Msusi abaki chumbani kwake. Msimsomee. Akisogeza uso karibu, msimsaidie; akirudia mara tatu, mwacheni arudie. Aitaje namba yeye kwa mdomo wake, na nusu yake na robo yake. Hapo ndipo mpwa wako afungue simu amwonyeshe kipimo alichokiandika Mama huyo huyo mwaka jana, halafu kile kilichokatwa mkia, halafu aziweke sare zile kumi na mbili mezani, Mama azipime mwenyewe aone zimekatwa kwa namba ipi.

Ndipo umwulize kama cherehani bado inaondoka Jumamosi. Akisema hapana, mwondoleeni ile shuka. Akisema ndiyo, amechoka kweli na anataka kupumzika, msimbembeleze. Atakuwa ameacha kazi kwa kupenda kwake, na mikono yake ikiwa haina doa.

Mshauri wako